Chupa, bidoni na Ruzizi: somo la nishati ya maji

Wengi wetu hapa Bukavu tuliandika énergie potentielle na énergie cinétique kwenye daftari, tukafaulu mtihani, na mpaka leo hatujui tuliandika nini. Safari hii tutaishika kwa mikono. Tafuta chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, msumari, bidoni tupu ya lita 5 yenye kifuniko kizima, na pipa la maji.

Maneno kwanza, haraka. Nishati tuli (énergie potentielle) ni ya kitu kilicho juu: kilo × 9.8 × mita za kimo; hiyo 9.8 ni mvuto wa dunia. Nishati mwendo (énergie cinétique) ni ya kitu kinachokwenda: nusu ya kilo × kasi × kasi. Zote hupimwa kwa juli. Mama anayepandisha bidoni ya lita 20 kutoka ziwani mpaka nyumbani, mita 50 juu, ameyawekea maji yale juli 9,800. Jasho lake hatujalihesabu.

Hatua ya 1. Toboa chupa matundu mawili yanayolingana, ubavuni: moja sentimita 5 kutoka kitako, lingine sentimita 20. Yazibe kwa vidole, jaza maji yafike sentimita 25. Mwenzako aendelee kumimina ili maji yasishuke.

Hatua ya 2. Achia vidole. Tundu la chini linasukuma kwa nguvu zaidi. Kimo kimegeuka kuwa kasi, na kilo zinajifuta kwenye hesabu: kasi × kasi = 2 × 9.8 × kimo cha maji juu ya tundu. Tundu la juu lina sentimita 5 za maji juu yake, linatoa karibu mita 1 kwa sekunde. La chini lina 20, linatoa karibu mita 2. Maji mara nne, kasi mara mbili tu. Msuguano unakula kidogo.

Hatua ya 3. Hii ndiyo ninayoipenda. Funga bidoni tupu, izamishe yote ndani ya pipa. Mkono unasukuma kana kwamba umebeba karibu kilo 5. Sasa usiangalie bidoni, angalia ukingo wa pipa: maji yamepanda. Kwa kuishusha bidoni umeyainua maji, na nguvu yako imewekwa humo. Ukiachia, maji yanarudi chini na bidoni inaruka. Kinachoelea hupanda kwa sababu kizito zaidi kinashuka mahali pake.

Maswali

— Mwalimu, nikizamisha bidoni ziwani, Kivu haipandi. Nishati imeenda wapi?

Inapanda, ndugu yangu. Lita 5 zimetandazwa kwenye ziwa zima, jicho haliwezi kuona.

— Maji ya Kivu yamelala tu. Umeme wa mto Ruzizi unatoka wapi?

Yamelala juu. Kivu iko karibu mita 1,460 juu ya bahari, Tanganyika karibu 770. Kila kilo ya maji inayotoka hapa kwetu kwa Ruzizi kwenda Uvira, ukingoni mwa Tanganyika, inashuka mita 690 hivi, karibu juli 6,800. Mabwawa ya Ruzizi I na II yanachukua kipande tu cha mteremko huo. Kinachobaki kinaliwa na mawe na kelele.

— Nimejaribu chupa juu ya meza. Mikondo yote miwili inaangukia mahali pamoja! Nimekosea wapi?

Hujakosea, umeangalia vizuri kuliko vitabu vingi vinavyochora mkondo wa chini ukienda mbali. Maji ya chini yana kasi mara mbili, lakini yako karibu na meza, kwa hiyo yanapata nusu ya muda wa kuanguka. Mara mbili kwa nusu: yanalingana. Sogeza chupa ukingoni ili maji yaangukie sakafuni, halafu pima tena. Andaa kitambaa cha kupangusia.