Miwani ya uhalisia pepe kwa mkono uliopooza: namna ya kuendesha zoezi

Baada ya kiharusi, ubongo hujifunza upya kwa kurudia tendo mamia ya mara, na kuinua kikombe kitupu mara mia kunachosha hata mtu mzima wa afya. Faida ya miwani iko hapo: humwonyesha mgonjwa mchezo wa kompyuta mbele ya macho, naye anarudia bila kuhesabu. Mazoezi ya kawaida yanabaki palepale. Haya ni nyongeza.

Pima presha kwanza. Mwenye kifafa asivae. Mkalishe kwenye kiti imara kisicho na magurudumu, nyayo zote mbili sakafuni. Chagua mchezo wa kukaa, usiomtembeza: macho yakiona mwendo ambao mwili hauusikii, kichefuchefu hakikawii. Anza na dakika 5; akiwa shwari, siku zinazofuata panda taratibu hadi 15. Vidole visiposhika rimoti, ifunge kiganjani kwa bandeji ya kuvutika, bila kukaza.

Sasa acha kutazama pointi, tazama kifua. Mgonjwa anayepasua maputo ya mchezoni hujifunza haraka kuinama mbele badala ya kunyoosha kiwiko. Pointi zinapanda, mkono umelala. Pitisha khanga chini ya makwapa, ifunge nyuma ya egemeo la kiti. Pointi zitashuka, naye atanung'unika. Hizo ndizo zake halali. Bega likiuma au likiwa limelegea kwenye kiungo, maputo yasizidi usawa wa bega, na mtu yeyote asimvute mkono kumsaidia.

Kwenye vyumba vya Kirumba, Mwanza, vinavyotazama ziwa, jua la jioni huingia hadi mezani. Likipiga lensi, huunguza skrini ya ndani, tena kwa muda mfupi tu. Miwani ikivuliwa irudi kwenye mfuko wake. Lensi zifutwe kwa kitambaa laini kikavu, spiriti huziharibu. Umeme ukikatika usiku, chaji haisaidii sana: kamera za miwani zinahitaji mwanga ili zijue mkono uko wapi.

Akishavua, mpe dakika chache apumzike, kisha msogezee sinia la dagaa wakavu. Achambue vijiti na mchanga kwa mkono uleule, khanga ikiwa bado imefungwa. Akishindwa kubana dagaa mmoja kwa vidole viwili, mwanzishie kwa kusukuma mafungu.