Mpe mtangazaji mbwa mmoja, si kikundi kizima

Sisi ni kikundi cha kutetea wanyama, na barua yetu ya kwanza ya kuomba nafasi kwenye redio moja hapa Kigoma ilikuwa kurasa tatu: malengo, katiba ya kikundi, orodha ya viongozi. Haikujibiwa. Mara ya pili nikatuma sentensi mbili tu kwa WhatsApp: mbwa aliyevunjika mguu pale sokoni Mwanga amepona, na muuza dagaa aliyekuwa akimfukuza ndiye anayemlisha sasa. Mtangazaji alipiga simu kabla sijamaliza chai.

Basi anza na mnyama mmoja na mtu wake. Yule mama wa dagaa aongee mwenyewe. Wewe mwenyekiti kaa pembeni (najua inauma). Picha piga asubuhi, mnyama akiwa ameshapona, maana vidonda huwafanya watu wageuze uso. Nenda na daktari wa mifugo: swali la kichaa cha mbwa halikosi, na ukibahatisha jibu umeharibu.

Tarehe nazo zinasaidia. 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, 4 Oktoba ni ya Wanyama. Piga simu wiki mbili kabla.

Na hewani usiwaseme vibaya wenye mbwa. Kesho ni hao hao utakaowaomba kamba na makombo ya ugali.