Kabla hujamimina kitu kwenye tenki: namna ya kujua kama dawa ya mafuta ya kujitengenezea itaua injini yako

Ukiwa na gari au bodaboda lazima umeshaambiwa haya, weka vidonge viwili vya naftalini gari itavuta, weka asetoni kidogo utaona mafuta hayaishi, changanya mafuta ya taa kwenye dizeli nozeli zitajisafisha zenyewe. Bei ya mafuta ikipanda tu ushauri wa namna hii unazidi, na wengi wanaoutoa wala hawana nia mbaya, ni madereva wenzetu wanaotafuta nafuu kama sisi. Ila jibu langu kwa gari ya petroli ni moja, usiweke, hamna kitu cha jikoni wala cha duka la rangi kinachostahili kuingia kwenye hilo tenki. Kwa dizeli za zamani kipo kimoja chenye mantiki kidogo, nakieleza huko mbele na masharti yake. Lakini kukwambia usiweke haitoshi, kesho utaletewa dawa nyingine ambayo mimi sijaitaja, kwa hiyo shika namna ya kuipima mwenyewe.

Anza na kiasi. Ukiambiwa weka kitu fulani uliza ni kiasi gani kwa lita ngapi, afu piga hesabu. Chukua asetoni, ile iliyomo kwenye dawa ya kutoa rangi ya kucha. Wanaoisifia wanasema mililita 80 kwenye tenki la lita 40, hiyo ni asilimia 0.2, yaani karibu mafuta yote yaliyobaki ni petroli ileile uliyonunua sheli, injini haiwezi kubadilika tabia kwa hicho. Haya, tuseme uongeze hadi lita 3 au 4 ili ifanye kazi kweli, hapo sasa unakutana na mambo mawili: asetoni ina nishati kama theluthi mbili tu ya petroli kwa uzito uleule, kwa hiyo gari itakula zaidi siyo pungufu, na pili asetoni ni kiyeyushi kikali, inavimbisha na kulainisha aina nyingi za mpira na plastiki, na njia ya mafuta imejaa mipira, kuanzia oringi za nozeli mpaka sili za pampu. Karibu dawa zote za kujitengenezea ziko hivi, kile kiasi kidogo hakifanyi kitu na kile kinachotosha kufanya kitu ndo kinachotosha kuharibu. Na ile dawa ya kucha ya dukani mara nyingi ina maji na manukato pia, hivyo hata asetoni yenyewe hujaiweka safi.

Mtu atakwambia mbona mimi niliweka na gari ikawa nyepesi. Simbishii, ila siku unayopima mafuta ndo siku unayokanyaga mafuta kwa adabu, hukimbizi, hubrekibreki ovyo, na hiyo peke yake inapunguza ulaji. Kama unataka kujua ukweli jaza tenki full, andika kilomita, endesha njia zako za kawaida, jaza tena full kwenye pampu ileile ya sheli ileile, gawanya kilomita kwa lita, rudia hivo kwa tenki kadhaa bila dawa na kadhaa na dawa. Tenki moja haikwambii chochote.

Jaribio la mpira

Hili fanya nje, mbali na jiko, mbali na mtu anayevuta sigara. Tafuta kipande cha mpira wa mafuta na oringi mbili kuukuu zinazolingana kwa fundi yeyote, kata mpira vipande viwili vinavyolingana. Chukua chupa mbili za kioo, moja weka petroli tupu, nyingine petroli na hiyo dawa kwa kipimo kikubwa kuliko ulichoambiwa, tuseme sehemu moja ya dawa kwa tisa za petroli, maana unataka kuona kwa muda mfupi kile ambacho ndani ya gari kingechukua muda mrefu. Tumbukiza kipande na oringi kila chupa, funga, acha siku mbili tatu. Ukitoa ulinganishe: oringi imekuwa kubwa kuliko mwenzake? Ukiibonyeza kwa kucha inabaki na alama? Mpira umeacha weusi kwenye mafuta? Ukiona kimojawapo basi ndicho ungekuwa unakifanya ndani ya pampu. Na usidanganyike ukiona mpira mzima, jaribio hili linaonyesha madhara ya mpira tu, halionyeshi yanayotokea ndani kwenye moto.

Sasa naftalini, vile vidonge vyeupe vya kabatini, maana hivi ndo vimeenea. Asili yake ni kweli, watu wa zamani walivitumia petroli ikiwa na oktani ndogo. Oktani ni uwezo wa petroli kuvumilia mgandamizo bila kujilipukia yenyewe badala ya kuwashwa na cheche ya plagi, siyo kipimo cha nguvu. Kama injini yako haigongi kwa petroli ya kawaida, kuongeza oktani hakukupi chochote. Hasara yake iko hivi: naftalini ni kitu kigumu kilichoyeyushwa tu, petroli ikikauka kwenye kabureta ya pikipiki iliyolala wiki kadhaa ile naftalini inabaki pale kama fuwele na vitundu vya jeti vinavyopitisha mafuta ni vidogo mno. Halafu vidonge vingi vya sikuhizi siyo naftalini kabisa, ni kemikali nyingine yenye klorini inaitwa paradiklorobenzini, vinafanana kwa macho, na klorini ikiungua ndani ya silinda inatengeneza asidi. Paketi nyingi hata haziandiki ni ipi.

Mafuta ya taa ndo tatizo kubwa zaidi, na hapa nasema kwa uchungu maana uchakachuaji umeshaumiza watu wengi. Tanzania EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba, yaani alama ya kemikali ya kutambua mafuta halali, mwaka 2010 na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili bei isiwe chini sana ya dizeli, Kenya nao mwaka 2018 wakaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa, yote hayo kupambana na wachakachuaji. Serikali mbili zimehangaika kuyatoa mafuta ya taa kwenye tenki lako, halafu wewe uyarudishe kwa mkono wako. Kwenye petroli yanashusha oktani, utasikia injini inagonga ukipanda mlima kama kokoto kwenye kopo, na sehemu isiyoungua inateremka kupitia ringi za pistoni inaingia kwenye oili, oili inakuwa nyepesi, bearing zinaanza kulika. Kwenye dizeli watu wanasema mbona yanafanana. Yanaungua kweli, lakini pampu ya dizeli inajilainisha kwa dizeli yenyewe, na mafuta ya taa ni mepesi, hayalainishi vizuri. Gari ya komoni reli, yaani dizeli za kisasa zenye bomba moja la presha linalolisha nozeli zote, inasukuma mafuta kwa presha ya zaidi ya baa 1,500, vyuma vinasuguana kwa nafasi ndogo kuliko unywele, ukikosa ulainishaji pale pampu inajisaga na vichembe vya chuma vinasafiri mpaka kwenye nozeli zote. Hapo hununui kitu kimoja, unanunua mfumo mzima.

Spiriti na thina nazipitia haraka. Spiriti ina maji ndani yake, na alkoholi inavuta maji mengine toka hewani, yakizidi yanajitenga na kukaa chini ya tenki pale pampu inaponyonyea. Thina kila kampuni ina mchanganyiko wake, hujui umenunua nini. Mafuta ya kupikia kwenye dizeli ni mazito mno yakiwa ya baridi, yanaacha utomvu kwenye nozeli. Oili ya injini kwenye petroli ya bodaboda ya fostroku haina kazi, inachafua plagi, na kwa gari majivu yake yanaziba masega ya egzosi yanayosafisha moshi na kuharibu sensa ya oksijeni.

Ile moja niliyosema ni oili ya 2T, yaani ya injini za tustroku, kwenye dizeli ya zamani yenye pampu ya kawaida, Hilux za kale, Canter, Fuso zisizo na kompyuta. Nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa ndogo, kiwango cha 50 ppm (sehemu 50 kwa kila milioni) kuanzia 2015, na kuondoa salfa kiwandani kunapunguza ulainishaji, ingawa wasafishaji wanatakiwa kurudishia kwa dawa maalum kabla mafuta hayajafika sheli. Madereva huweka kama mililita 200 kwa lita 40, oili ya 2T yenye majivu kidogo. Kwa pampu iliyochoka inaweza kusaidia. Kwa dizeli yenye chujio la moshi kwenye egzosi usiweke, na kama gari ina waranti usiweke kitu chochote ambacho kitabu cha gari hakijakitaja.

Kama umeshamimina

Kama bado hujawasha usiwashe, na usigeuze hata ufunguo mpaka taa za dashibodi, maana kwenye magari mengi pampu ya umeme inaanza kusukuma hapohapo. Ita fundi ashushe mafuta, abadilishe filta, asafishe tenki kama ni naftalini au thina. Kama umeshaendesha na gari inamisi, inazima ukiachia mafuta au taa ya cheki injini imewaka, paki, usilazimishe ifike nyumbani. Kama ni mafuta ya taa kwenye petroli cheki na stiki ya oili, ikiwa imepanda juu ya alama na inanuka mafuta, mwaga hiyo oili.

Na jamani, msinyonye mpira kwa mdomo kushusha mafuta. Petroli ikiingia kwenye mapafu hata kidogo inaweza kuua, kwa hiyo tumia pampu ya mkono, ile ya kubonyeza. Mtu akimeza asitapishwe wala asipewe maziwa, apelekwe hospitali.

Kama wasiwasi wako ni mafuta machafu ya sheli, dondosha tone la petroli kwenye karatasi nyeupe, safi itakauka upesi bila kuacha doa la mafuta, yenye mafuta ya taa au dizeli inaacha duara. Kwa spiriti weka maji kiasi kwenye chupa yenye alama, jaza petroli, tikisa, acha itulie: maji ya chini yakionekana yameongezeka kuliko uliyoweka, kuna alkoholi imehamia kule. Weka risiti, na ukiwa na ushahidi peleka malalamiko EWURA, au EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, kwa walioko Kenya.

Na kama shida ni ulaji wa mafuta, pesa ya dawa ipeleke kwenye upepo wa matairi, filta ya hewa, plagi za namba sahihi na kurekebisha breki zinazoshika bila kuachia. Toyota IST inayokula sana mara nyingi ina sensa ya oksijeni iliyochoka au termostati iliyotolewa na fundi, kompyuta inadhani injini ni ya baridi kila siku na inamwaga mafuta mengi, hapo hata ungeweka dawa gani haitasaidia, itaonekana kwenye mashine ya diagnosisi kwa dakika chache. Nozeli zikiwa chafu kweli zipeleke kwenye mashine ya kuoshea, au tafuta dawa ya kiwandani iliyoandikwa ina PEA (polietheramini), hiyo ndo kemikali inayosafisha kaboni bila kugusa mpira, na fuata kipimo cha kwenye chupa. Gari za D4, zile za petroli zinazopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, ziangalieni zaidi, pampu yake ya presha kubwa haina uvumilivu na majaribio.

Mafuta mliyoshusha msimwage mtaroni wala msimpe mtu wa pikipiki ajaribu bahati. Yawekeni kwenye dumu la chuma lenye mfuniko, liandikeni, likae nje mbali na watoto na moto, mpaka mpate wanaokusanya oili chafu walio na kibali wayachukue.