Jinsi ya Kuomba Emoji Mpya, kwa Mfano wa Mbuzi ya Nazi

Anayetaka kumwomba jirani yake wa Mji wa Kale, Mombasa, mbuzi ya kukunia nazi kwa ujumbe wa simu hulazimika kuweka picha ya mnyama pamoja na picha ya nazi, na jirani asipokuwa mwepesi atadhani anaalikwa karamu. Ombi la kuongeza emoji halipelekwi kwa watengenezaji wa simu, bali kwa Unicode Consortium, shirika lililosajiliwa California mwaka 1991, ambalo huipa kila herufi na kila emoji namba yake. Ndovu, kwa mfano, ni U+1F418. Simu hupelekeana namba tu, na kila kampuni huchora ndovu wake.

Kwanza, hakikisha unachokiomba hakijakatazwa. Majengo na alama za mahali mahususi, nembo, watu mahususi na bendera mpya hazipokelewi, kwa hiyo Fort Jesus na zile pembe za Moi Avenue usihangaike nazo. Dele la kahawa nalo lina mashaka, kwani buli liliingizwa mwaka 2020 na wakaguzi huenda wakaona linatosha. Mbuzi ya nazi ina hoja nzuri zaidi, maana hutumika pia India na Thailand, ambako huitwa sungura.

Kazi kubwa ni ushahidi. Fungua kivinjari katika hali ya faragha, utafute jina la Kiingereza la chombo hicho katika Google ya kawaida, ya video, Google Trends (inayoonyesha neno hutafutwa kiasi gani) na Google Ngram (inayoonyesha hutokea mara ngapi vitabuni), kisha upige picha ya skrini ya kila tokeo. Katika hizo mbili za mwisho weka ndovu kando yake, kwa kuwa ndiye kipimo cha kulinganishia cha kamati ya emoji ya shirika hilo. Saini za mtaa mzima hazihesabiwi, hata zikiwa elfu kumi.

Andaa mchoro wa pikseli 72 kwa 72 na mwingine wa 18 kwa 18, uwe wako au wenye ruhusa ya wazi. Katika ule mdogo kibao na miguu yake hushikamana, mbuzi ikaonekana kigoda tu. Ni afadhali uchore kifuu kikiwa kimeegemezwa kwenye meno ya chuma.

Maelezo yote huandikwa kwa Kiingereza na kutumwa kwa fomu ya mtandaoni, ambayo miaka ya karibuni imekuwa ikifunguliwa Aprili na kufungwa 31 Julai. Likikataliwa, ombi la kitu hicho hicho husubiri miaka miwili.

Likikubaliwa, namba haifutwi tena. Jina la Kiswahili huingizwa kupitia mradi mwingine wa shirika hilo, CLDR, unaokusanya majina na maneno ya lugha mbalimbali, na huko ni muhimu liandikwe kwa ukamilifu, “mbuzi ya nazi”, lisije likachanganywa na yule wa zizini.