Umechaguliwa kuwa ajenti kituoni? Hivi ndio unalinda kura mpaka fomu 34A ibandikwe mlangoni

Kila uchaguzi hapa Kenya kelele ni ya seva tu. Seva imeingiliwa, seva ifunguliwe, nani ako na paswadi. Sawa, lakini kura yako haihesabiwi na seva, inahesabiwa kwa mkono kwa lile darasa ulipopigia, watu wakiangalia, alafu ile ya rais inaandikwa kwa karatasi inaitwa fomu 34A. 2017 Mahakama ya Rufaa kwa kesi ya mwanaharakati Maina Kiai ilishasema hesabu ya kituoni ndio ya mwisho, hakuna mkubwa wa Nairobi wa kuibadilisha. Kwa hivo kama chama kimekupa kazi ya ajenti 2027, kazi ni hio karatasi, mengine ni porojo.

Beba barua ya uteuzi, kiapo cha siri kikiwa kimesainiwa, na kitambulisho. Tisheti na kofia ya chama wacha nyumbani. Alafu beba chakula, maji, tochi, pawabanki, daftari, kalamu mbili na kalkuleta, na usidharau hio ya chakula juu kuna kura sita za kuhesabiwa na mnaweza maliza alfajiri, ajenti mwenye njaa saa nane usiku anakubali kila kitu ili aende alale.

Fika kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Hapo PO (yule afisa anasimamia kituo) anafaa awaonyeshe masanduku yakiwa matupu ndio apige sili. Andika namba za hizo sili kwa daftari lako, na namba za vitabu vya kura, zile za kwanza na za mwisho. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700, kwa hivo hesabu zote ni za watu mnaoweza kuwafuatilia.

Mchana kazi ni ya kuangalia tu, haswa pale mzee ama mama asiyeona vizuri amekuja peke yake na PO anamsaidia kupiga. Hapo ajenti wote wanaruhusiwa kushuhudia, songa karibu, si ukosefu wa adabu. Saa kumi na moja jioni milango ikifungwa, aliye kwa laini anapiga, hata kama ni mia.

Sasa kuhesabu. Ya rais ndio huanza. PO anachukua karatasi moja moja, anasoma jina kwa sauti, anaigeuza muione. Kaa mahali macho yanafika. Kama hujaona sema hujaona, airudishe, wala usiogope kuonekana msumbufu. Wewe weka vijiti vyako kwa daftari, tano tano, kila mgombea. Kura ikikosa alama rasmi ya tume ya uchaguzi (IEBC), ama imewekwa alama kwa wagombea wawili, ama mtu ameandika kitu cha kumtambulisha, inakataliwa. Lakini kama alama haijakaa sawa na bado inaonekana wazi alimtaka nani, hio itetee. PO akikataa kabisa, mwambie aandike pale kwa hio karatasi ya kura kwamba umepinga kukataliwa kwake, ni haki yako.

Ukiona hesabu haikai unaweza omba irudiwe, lakini kuhesabu upya mwisho ni mara mbili, usimalize nafasi kwa hasira.

Kabla ya kusaini piga hesabu mwenyewe: kura za wagombea wote ukijumlisha zitoe jumla ya kura halali, halali na zilizokataliwa zitoe zilizokuwa kwa sanduku, na hio isizidi watu waliotambuliwa na mashine ya KIEMS (ile ya alama za vidole mnatambuliwa nayo mkiingia). Ikizidi simamisheni kila kitu.

Na tafadhali USISAINI FOMU TUPU. Kuna PO atawaambia mmechoka, sainini sasa mimi nitajaza baadaye. Hapana. Kama una shida na matokeo, andika sababu zako kwa ile nafasi ya maoni, juu kukataa kusaini na kuondoka bila neno hakufuti matokeo, sheria iko hivo. Kisha dai nakala yako, na uhakikishe namba zimetokea vizuri kwa ile ya kaboni chini, 3 isisomeke kama 8.

Fomu inapigwa picha na KIEMS inatumwa, na nyingine inabandikwa mlangoni. Huu mlango ndio kila kitu. 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais, na moja ya sababu ni kwamba mshindi alitangazwa kabla fomu zote za 34A kufika. 2022 tume ikaweka picha za fomu kwa potali (tovuti yake) kila mtu aone, vituo zaidi ya elfu 46, na kesi ilipofika mahakamani orijino zikalinganishwa na za potali, tofauti ya maana haikupatikana. Upende matokeo ama usiyapende, angalau kulikuwa na kitu cha kushika mkononi.

Hii ya mwisho hata wewe si ajenti unaweza fanya, na watu wengi hawajui. Asubuhi pitia kituoni, piga picha fomu iliyo mlangoni, namba zote zionekane pamoja na jina la kituo, alafu fungua potali utafute kituo hicho hicho. Zikitofautiana peleka kwa wakili wa mgombea wako haraka, si Facebook kwanza, kwa sababu kesi ya rais inafunguliwa ndani ya siku 7 tangu mshindi atangazwe na hizo siku huisha ukiwa bado unajibu komenti.