Karatasi tatu, maamuzi matatu: mwongozo wa uchaguzi kwa vikundi vya mrengo wa kushoto Mtwara na Lindi

Kikundi cha wajamaa cha Newala au Nachingwea kikianza na swali la "tushiriki au tususie", kikao kitakwisha usiku wa manane bila jibu, na pengine kikundi kitapasuka. Mpiga kura wa Bara hupewa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Kila moja ina hesabu yake. Ziamueni moja moja, na mmalize kabla fomu za uteuzi hazijaanza kutolewa.

Mapokeo ya mrengo wa kushoto yana misimamo inayopingana, na yote ina hoja. Marx na Engels, Machi 1850, waliwashauri wafanyakazi wasimamishe wagombea wao hata pale pasipo na tumaini la kushinda, ili wajue wako wangapi na msimamo wao usikike. Mwaka 1920 Lenin aliwabeza wakomunisti waliokataa bunge moja kwa moja. Kwake ilifaa hata kukiunga mkono chama usichokiamini, mradi usinyamaze kuhusu udhaifu wake. Waanakisti wengi, yaani wanaopinga dola yenyewe, husema kura inampumbaza mnyonge. Msishike mmoja kama dini. Ulizeni upi unafaa kwa karatasi ipi.

Karatasi ya rais ndiyo yenye kelele nyingi na nafasi ndogo kwenu. Tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2000, mwenye kura nyingi kuliko wenzake ameshinda, hata asipofika nusu. Hakuna duru ya pili ya kurekebisha mgawanyiko. Mfano uko hapa hapa kusini: mwaka 2020 Bernard Membe, mwenyeji wa Lindi, aligombea kwa ACT-Wazalendo, lakini viongozi wakuu wa chama hicho wakatangaza kumuunga mkono Tundu Lissu wa CHADEMA. Jina la Membe likabaki kwenye karatasi, naye akapata kura 81,129. Kauli ya jukwaani haifuti jina lililokwisha kuchapwa. Kuachiana kunafanywa kabla ya uteuzi, au wapiga kura watachanganyikiwa.

Ubunge una jambo ambalo vikundi vingi hulisahau. Kura ya mbunge huhesabiwa mara mbili: jimboni, na kitaifa kwa ajili ya viti maalum vya wanawake, ambavyo hugawiwa vyama vilivyopata angalau asilimia 5 ya kura zote halali za ubunge. Kwa hiyo kura kwa chama kidogo si lazima ipotee, ila chama chenyewe kiwe kimesimamisha wagombea wa kutosha nchini kuikaribia asilimia hiyo. Kikiwa na wagombea watatu tu, hoja hiyo haina uzito. Angalieni pia nani mwingine yumo jimboni. Mwaka 2015, chini ya UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani, CUF ilichukua Mtwara Mjini na Tandahimba. Segerea, Dar es Salaam, CUF na CHADEMA zilisimamisha kila moja wake, na jimbo likaenda CCM.

Nguvu zenu halisi ziko kwenye udiwani. Kata ni ndogo, watu wanajuana, na diwani anakaa kwenye halmashauri inayojadili ushuru wa korosho. Mgombea binafsi haruhusiwi, hivyo lazima mtafute chama. Someni katiba yake kwanza, hasa kifungu cha kufukuza wanachama: diwani au mbunge anayepoteza uanachama hupoteza na kiti. Makubaliano ya mdomo na katibu wa wilaya hayawalindi.

Fomu ndiyo huwaangusha wengi. Udiwani unahitaji wadhamini 10 walioandikishwa kwenye kata hiyo (ubunge ni 25, jimboni) na dhamana ya shilingi 5,000 (ubunge 50,000); thibitisheni viwango kwenye tangazo la Tume ya Uchaguzi kila uchaguzi. Tafuteni wadhamini 20, kwa sababu mmoja atakuwa ameandikishwa kata ya jirani na mwingine amekwisha kumsainia mpinzani. Jina la mgombea liandikwe kama lilivyo kwenye kadi yake ya mpiga kura, herufi kwa herufi. Jina la chama lisifupishwe kienyeji. Kiapo mbele ya hakimu kisiachwe hadi asubuhi ya mwisho. Fomu hurudishwa kabla ya saa 10:00 jioni. Pelekeni siku moja mapema, na mwe na nakala, maana pingamizi likija mtahitaji kujibu kwa karatasi.

Kususia? Inawezekana, ila mjue gharama yake. Sheria haina kiwango cha chini cha wapiga kura, na kura iliyoharibika huhesabiwa kando bila kumdhuru yeyote. Vyama vikuu vya upinzani viliposusia uchaguzi wa serikali za mitaa mwaka 2019, CCM ilichukua zaidi ya asilimia 99 ya nafasi. Mkisusia, semeni mnadai nini na mtafanya nini siku inayofuata. Kukaa nyumbani tu hakumtofautishi mwenye msimamo na aliyelala.

Mkiamua kupiga kura, pangeni kwa kalenda ya korosho. Uchaguzi mkuu huangukia Oktoba, watu wako mashambani wanaokota, nao hupiga kura kituo walichoandikishwa tu. Orodhesheni mapema nani yuko shamba gani na nani ana pikipiki. Fedha ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, isiguswe; ni ya wakulima wa vyama vyote vya siasa. Mchango wa kikundi upitie kwa chama na upate stakabadhi, kwa sababu kuna Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010, inayosimamia fedha za kampeni.

Kila kituo kiwe na wakala anayejua kuhesabu na asiyeondoka kwenda kula. Aondoke na nakala ya fomu ya matokeo ya udiwani, iliyosainiwa. Jumlisheni nakala zenu usiku huo huo, kabla ya kujumlishwa kwenye kata.