Namna ya Kupima na Kuboresha Mbinu Zako katika Mchezo wa Karata wa Euchre

Mchezo wa Euchre, unaotamkwa yuka, una wenyewe. Huchezwa zaidi katika majimbo ya Michigan, Indiana na Ohio nchini Marekani, katika jimbo la Ontario nchini Kanada, na katika baa za Cornwall na Devon nchini Uingereza. Wengi wa wachezaji wake hupima ustadi wao kwa kuhesabu mechi walizoshinda, na kipimo hicho ni dhaifu kuliko wanavyodhani. Mtu aliye sawa kabisa na wapinzani wake anaweza kushinda mechi 40 au mechi 60 kati ya 100 kwa bahati tupu, bila ya mbinu zake kuwa zimebadilika hata kidogo. Anayetaka kujua kama amekuwa mchezaji bora hana budi kuacha kupima mechi na kuanza kupima uamuzi mmoja mmoja.

Kwa msomaji aliyezoea michezo mingine yenye turufu, kanuni zake ni hizi. Karata ni 24 tu, kuanzia tisa hadi ree katika kila aina, na wachezaji wanne hukaa wawili kwa wawili, kila mwenza akimkabili mwenzake. Kila mmoja hupewa karata tano, zinabaki nne, na ya juu katika hizo nne hufunuliwa. Katika duru ya kwanza kila mchezaji, kuanzia aliye kushoto kwa mgawaji, huamua ama kupita ama kuikubali aina ya karata iliyofunuliwa kuwa turufu, na ikikubaliwa mgawaji huichukua na kutupa nyingine. Wote wakipita, karata hiyo hufunikwa, kisha katika duru ya pili mtu anaweza kutangaza aina nyingine yoyote. Jeki wa turufu ndiye mkubwa kuliko karata zote, na anayemfuata ni jeki wa aina ya pili yenye rangi ileile, ambaye huihama aina yake na kuwa turufu. Upande uliotangaza ukila mizunguko mitatu au minne hupata pointi 1, ukifagia yote mitano hupata 2, na aliyecheza peke yake, yaani bila mwenza wake, akafagia hupata 4. Ukishindwa kufikisha mizunguko mitatu umeangushwa, na wapinzani huchukua pointi 2. Mechi huishia pointi 10 Marekani, na mara nyingi 11 Uingereza.

Hatua ya kwanza ni kuweka daftari. Kila unapotangaza turufu, andika ulikuwa umekaa wapi ukilinganisha na mgawaji, ilikuwa duru ya kwanza au ya pili, ulikuwa na turufu ngapi, ulikula mizunguko mingapi na pointi zilikwenda kwa nani. Andika pia migao ambayo ulisitasita kisha ukapita, kwa sababu hasara nyingi hujificha humo. Anayetangaza akaangushwa huiona hasara yake hapohapo na mwenza wake humkumbusha njia nzima ya kurudi nyumbani, ilhali anayepita na kuwaachia wapinzani pointi mbili haulizwi na mtu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme kwamba mchezaji jasiri ametangaza mara 20: mara 12 amepata pointi moja, mara 4 amefagia na mara 4 ameangushwa. Amepata 12, na 8, akatoa 8, kwa hiyo amebakiwa na pointi 12. Mchezaji mwoga, akiwa na mikono ileile 20, ametangaza mara 10 tu: mara 8 pointi moja, mara 2 kufagia, hakuangushwa hata mara moja, naye pia ana pointi 12. Wengi watamsifu wa pili kwa kuwa hakuanguka. Lakini swali lililobaki ni moja: katika migao 10 aliyopita, ambayo kwa jasiri ilitoa sifuri, wapinzani walipata nini? Iwapo walipata pointi 3 zaidi ya walizotoa, jasiri amemzidi mwoga kwa pointi 3. Kwa maoni yangu, daftari lisiloonyesha kuangushwa hata mara moja ni daftari la mtu anayepita mno.

Kutokana na hesabu hiyo hutoka kipimo cha kukumbuka mezani. Tukiacha pembeni kufagia, kutangaza hukupa pointi 1 ukifaulu na kukutoza 2 ukianguka, kwa hiyo ili usipate wala usipoteze unahitaji kufaulu mara mbili kati ya tatu. Hata hivyo, hicho ni kipimo cha kulinganisha na sifuri, nako kupita si sifuri. Kama kupita katika mkono fulani hukugharimu wastani wa nusu pointi, basi kutangaza kunafaa kila panapokuwa na uwezekano wa kufaulu unaozidi nusu. Ndiyo maana swali la "je, mkono huu una nguvu?" halitoshi, ni lazima uulize ukiuacha utakupeleka wapi.

Baada ya daftari kukuonyesha aina ya uamuzi unaokutatiza, ulete uamuzi huo mezani nyumbani na uujaribu kwa karata halisi. Chukua mfano huu. Umekaa kushoto kwa mgawaji, ambaye ni mpinzani wako. Ilifunuliwa tisa ya shupaza, wote wanne mkapita, ikafunikwa, na sasa zamu ni yako kuanza duru ya pili. Mkononi una jeki wa pau, tisa ya pau, ree ya kopa, malkia wa uru na kumi ya uru. Je, utangaze pau ukiwa na turufu mbili tu?

Hoja ya kutangaza ni kwamba mgawaji na mwenza wake wamezikataa shupaza ilhali wao ndio ambao wangefaidika na karata ile. Inaelekea kwamba hawana shupaza nzuri, na jeki wa shupaza, ambaye pau ikiwa turufu atakuwa wa pili kwa ukubwa, anaweza kuwa kwa mwenza wako au katika karata zilizobaki chini. Mwenza wako naye alipita, lakini hilo halielezi mengi, kwa kuwa wachache hupenda kumwongezea mgawaji adui turufu. Karata usizoziona ni 18, turufu tano ziko humo, na mwenza wako anashika karata 5 kati ya hizo. Kwa hesabu ya kawaida, kabla ya kuzingatia nani alipita, uwezekano wa mwenza kuwa na turufu angalau moja ni asilimia 85. Hoja ya kupita ni fupi zaidi: turufu mbili na ree moja ni mali kidogo ya kuahidi mizunguko mitatu.

Mabishano ya namna hii hayaishi kwa maneno. Weka karata zako tano wazi mbele yako, iweke kando tisa ya shupaza, uzichanganye zile 18, kisha uwagawie wachezaji watatu tano tano na uache tatu chini. Zipange zote wazi mezani, kila mchezaji na zake. Kwanza cheza kana kwamba umetangaza pau, ukisogeza karata bila kuzichanganya, na uandike pointi. Halafu zirudishe mahali pake na ucheze mgao uleule kana kwamba umepita, ukiwaacha wengine watangaze au wapite kwa zamu. Toa matokeo ya pili kutoka kwa ya kwanza. Kutangaza kukileta pointi 1 na kupita kukiwapa wapinzani pointi 1, tofauti ni 2 kwa faida ya kutangaza. Uzuri wa njia hii ni kwamba bahati ya mgao imeziangukia pande zote mbili za mizani kwa usawa, kwa hiyo kinachobaki ni uamuzi wenyewe.

Kuna mitego miwili ambayo huharibu jaribio hili bila ya mtu kujua. Mtego wa kwanza ni kusahau kwamba wachezaji walikwisha kupita. Ukigawa zile karata 18 kiholela, mara nyingine utampa mgawaji jeki na ree ya shupaza, na mgawaji wa kweli hangepita na mkono kama huo. Kabla ya kuanza, andika kanuni ya nani angetangaza na mkono gani, na kila mgao unaovunja kanuni hiyo uufute, hata kama unakufurahisha. Mtego wa pili ni macho. Karata zikiwa wazi, utajikuta unacheza kila upande kana kwamba unaona mikono ya wengine, na hasa utawafanya wapinzani kuwa mabingwa wasiokosea. Jiwekee kanuni za kucheza zinazofanana na za mtu anayeona mkono wake tu: mwenza wa aliyetangaza akipata nafasi ya kuanza, huanza na turufu, mtu asiue ree ya mwenza wake kwa turufu bila sababu, anayelazimika kutupa hutupa garasa lililo peke yake ili abaki bila aina hiyo. Kanuni zisiwe bora kupita kiasi. Ziwe zilezile tu kuanzia mgao wa kwanza hadi wa mwisho.

Kuhusu idadi ya migao, usiridhike mapema. Ikiwa tofauti unazoandika hutawanyika kwa takriban pointi mbili kuzunguka wastani wake, migao 25 itakupa wastani wenye shaka ya pointi 0.4 hivi juu au chini, na migao 100 shaka ya 0.2. Kwa hiyo migao 25 inatosha kufichua kosa kubwa, lakini haitoshi kuamua jambo lililo karibu na usawa. Anayejua kuandika programu anaweza kuikabidhi kompyuta kazi hiyohiyo na kupata maelfu ya migao, mradi mitego ile miwili isiingie ndani ya programu, maana kompyuta hurudia kosa lako kwa uaminifu mkubwa.

Uamuzi wa kucheza peke yako unastahili hesabu yake, kwa kuwa hapa ndipo wachezaji wengi waangalifu hupoteza pointi. Tuseme mkono wako hauna shaka ya kula mizunguko mitatu. Ukicheza na mwenza una pointi 1 mkononi, na unaongeza 1 mkifagia. Ukicheza peke yako una 1 ileile, na unaongeza 3 ukifagia. Hivyo kucheza peke yako kunafaa iwapo uwezekano wako wa kufagia ukiwa peke yako, ukizidishwa mara tatu, unapita uwezekano wa kufagia pamoja na mwenza. Kwa kuwa uwezekano huo wa pili hauwezi kuzidi moja, ukiwa na zaidi ya theluthi peke yako, huna la kusubiri. Wengi husubiri hadi wawe na karibu hakika. Jaribu mikono yako ya namna hii kwa njia ileile ya kugawa karata 18, kwa sharti kwamba ile mizunguko mitatu kweli ni ya hakika. Isipokuwa hivyo, ingiza pia hasara ya kuangushwa.

Uchezaji wenyewe baada ya turufu kutangazwa huboreshwa zaidi kwa kuhesabu. Turufu ni saba, aina yenye rangi moja na turufu hubaki na karata tano, na aina mbili nyingine huwa na sita kila moja. Kutokana na hilo, ree ya aina iliyompoteza jeki wake ina hatari zaidi ya kuuawa kwa turufu kuliko ree za aina nyingine, na katika mfano wetu ree ya kopa ni bora kuliko ambavyo ree ya shupaza ingekuwa. Mazoezi yake ni mepesi: kila mizunguko mitatu ikipita, jiulize kimoyomoyo turufu ngapi bado hazijaonekana, kisha uhakikishe mgao ukiisha, ukikumbuka kwamba nyingine huenda zililala chini. Ukimaliza kujaribu swali la kutangaza pau, migao hiyohiyo inaweza kukujibu swali la pili, yaani uanze na jeki wa pau au na ree ya kopa.

Majaribio yote yafuate kanuni za meza unayochezea. Katika meza ambazo mgawaji halazimiki kutangaza katika duru ya pili, kupita hakuna gharama ileile kama mahali anapolazimishwa, na matokeo ya jaribio moja hayahamishiki kwenda kwa jingine. Kusini magharibi mwa Uingereza, ambako huongezwa karata ya 25 iliyo kubwa kuliko majeki, zile karata 18 usizoziona huwa 19 na turufu huwa nane.

Mwisho wa mechi, pointi hukoma kuwa kipimo sahihi, na unapaswa kuhesabu mechi unazoshinda kuanzia hali hiyo. Mfano mashuhuri, kwa mechi ya pointi 10, ni pale mnapoongoza kwa 9 dhidi ya 6 au 7, mgawaji ni mpinzani aliye kuliani kwako, na mkono wako hauwezi kumzuia anayecheza peke yake. Baadhi ya wachezaji huikubali karata iliyofunuliwa makusudi, wakijua wataangushwa, ili wapinzani wapate 2 badala ya 4 za kumaliza mechi, na mgao unaofuata ni wenu. Wapinzani wakiwa na 5 sadaka hiyo haina maana, kwa sababu pointi 4 zingewafikisha 9 tu, na wakiwa na 8 unawakabidhi ushindi. Kuijaribu, gawa mkono wako dhaifu mara nyingi ukiweka jeki kuwa karata iliyofunuliwa, kisha uhesabu ni mara ngapi mgawaji au mwenza wake angecheza peke yake na kufagia. Rudia ukiweka tisa badala ya jeki, kwa sababu majibu hayo mawili hayafanani, nawe unahitaji kujua mstari wako wa kutoa sadaka unapita wapi kati yake.